Maswali yenu kuhusu alumini ndani ya betri za lithiamu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa mafundi wa sola na wa pikipiki za umeme, alafu kuna la mwanafunzi wa kemia ambalo nimelipenda sana, hilo nimelijibu kwa urefu.

Nimefumua seli mbovu ya laptop nikakuta karatasi mbili, moja ya shaba, moja kama foili ya kufungia chakula. Kwa nini wasitumie aina moja tu? (Fundi, Mwanza)

Hiyo kama foili ni alumini kweli, inakaa upande wa chanya, shaba inakaa upande wa hasi. Kazi yao ni kukusanya umeme na kuupeleka nje. Alumini ni nyepesi na bei yake nafuu kuliko shaba, wangeiweka pande zote mbili, shida ni kwamba upande wa hasi wenye grafaiti volti inashuka chini sana na hapo lithiamu inaingia ndani ya alumini yenyewe, karatasi inavimba na kumeguka. Shaba nayo ukiipeleka upande wa chanya inayeyuka. Na nakuomba fundi wangu usifumue seli tena hata kama imekufa, chumvi iliyomo kwenye majimaji ya ndani ikikutana na unyevu wa hewa inatoa asidi ya haidrofloriki, inapenya ngozi na kuunguza mpaka ndani.

Shuleni tulifundishwa alumini haili kutu kirahisi. Mbona nasoma kwamba inaliwa ndani ya betri? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ulichofundishwa ni sahihi, ila uliza kwa nini haili. Alumini inajikinga kwa utando wa oksaidi wa nanomita chache tu, na ndani ya betri karatasi yenyewe ina unene wa kama maikromita 15, kwa hiyo utando ukishindwa hakuna nyama ya kupoteza. Sasa betri nyingi zinatumia chumvi inayoitwa LiPF6, na hii ina tabia ya ajabu, inavunjika ikipata hata tone dogo mno la maji, inatoa ile asidi niliyomwambia fundi wa Mwanza, na asidi hiyo inaharibu vitu vingi humo ndani, lakini ikifika kwenye alumini floraidi yake inaungana nayo na kutengeneza AlF3, yaani floraidi ya alumini, kitu kisichoyeyuka kwenye elektrolaiti (yale majimaji yenye chumvi ndani ya seli), kinaganda juu ya oksaidi na kuwa ngao ya pili. Yaani udhaifu wa chumvi ndo unaoilinda alumini!

Leta sasa LiTFSI, chumvi ambayo haisumbuliwi sana na maji wala joto, ungesema hii ndo dawa, lakini kwa sababu ni imara haitoi floraidi kirahisi, na alumini inayochomoka inaungana nayo kuwa kitu kinachoyeyuka na kuondoka zake. Kuanzia kama volti 3.7 au 3.8 ukipima dhidi ya lithiamu (yaani lithiamu tupu ndo sifuri ya kipimo) karatasi inaanza kutoboka vishimo vishimo, ukiiinua kwenye taa unaona mwanga unapita, ile rangi nyeusi ya chanya inabanduka na ukinzani unapanda. Ndo maana watafiti wanachanganya LiPF6 kidogo au chumvi nyingine iitwayo LiDFOB, au wanaongeza chumvi iwe nzito sana mpaka viyeyusho, yaani vimiminika vilivyoyeyusha chumvi, visibaki huru vya kuibeba hiyo alumini, wengine wanapaka karatasi kaboni kwanza. Mimi ningekuwa na maabara ningehangaika na hiyo ya chumvi nzito, ingawa inafanya elektrolaiti kuwa nzito na ghali.

Nimeunga seli za LiFePO4 (lithiamu za chuma na fosfeti) zenye boksi la alumini, nikipima kati ya boksi na hasi mita inasoma volti. Ni shoti? (Fundi sola, Nakuru)

Mara nyingi hapana kaka. Viwanda vingi vinaliunganisha boksi na chanya makusudi, kwa kawaida kupitia ukinzani mkubwa, ili boksi lisishuke kwenye volti ya hasi, maana likishuka lithiamu italiingia kama nilivyoeleza juu na litatoboka kutokea ndani. Cha msingi weka kizuizi kati ya seli na seli, ile plastiki ya bluu ikichanika usiiache hivyo, boksi mbili zenye volti tofauti zikigusana ndo utapata shoti yenyewe.

Seli ikishuka mpaka sifuri tunaiamsha kwa chaja ya nguvu na inarudi. Kuna ubaya? (Fundi pikipiki, Dar)

Upo, na mkubwa. Hapa anayeumia sio alumini, ni shaba. Seli ikimalizwa kabisa upande wa hasi unapanda mpaka kama volti 3.5 dhidi ya lithiamu na shaba inaanza kuyeyuka, ukija kuchaji inaganda tena mahali pasipo pake, inaweza kutoboa kitenganishi, ile karatasi nyembamba inayotenga chanya na hasi, na kuleta shoti ndani. Seli inaonekana imepona, inashika chaji, kumbe moto unaweza kuja siku mteja ameiacha inachaji sebuleni watoto wamelala. Iliyokaa sifuri siku nyingi itoe kwenye paki, usimuuzie mtu.

Na betri za sodiamu, kweli hazina shaba? (Msomaji, Arusha)

Nyingi hazina. Sodiamu haiungani na alumini kama lithiamu inavyofanya, kwa hiyo alumini inakaa pande zote mbili, na hapo gharama na uzito vinapungua. Faida nyingine, unaweza kuisafirisha ikiwa sifuri kabisa bila wasiwasi wa shaba kuyeyuka.