Kianzio cha mgonjwa si hela yako bado: kwa daktari anayefungua kliniki ya waya za meno Arusha

Mkuu, umesema umerudi na ubingwa wa kupanga meno, una milioni 60 mkononi, umepata sehemu ya kupanga hapa Arusha, na unauliza mambo mawili: usajili kampuni au jina la biashara, na ukope mashine ya eksirei ya panorama, ile inayopiga picha ya taya zote kwa mara moja, au uanze bila hiyo. Nitayajibu, ila kuna la tatu ambalo hukuliuliza, na ndilo lililotaka kunifungia mlango: kianzio cha mgonjwa.

Kazi ya kung'oa na kuziba, mgonjwa analipa, unatibu, mnaagana. Kazi ya waya, mgonjwa anakupa kianzio leo na wewe unabaki na deni la kumhudumia miezi 24. Bei yangu ya mwanzo ilikuwa milioni 3.5: kianzio milioni moja, halafu 125,000 kwa mwezi kwa miezi 20. Miezi mitatu ya kwanza nilifunga waya watu 14. Milioni 14 kwenye akaunti! Nikajiona tajiri, nikaipeleka karibu yote kuwa malipo ya awali ya panorama, salio nikakopa benki.

Mwezi wa nane wagonjwa wapya wakapungua. Wale 14 wanakuja kila mwezi, wanahitaji waya mpya, raba, glavu na muda wa kiti. Wakilipa wote ni 1,750,000, na hawakuwa wanalipa wote. Pango peke yake ni 1,200,000. Bado msaidizi, umeme, marejesho ya benki. Na mzazi akikwama ada huwezi kumwambia mtoto abaki na waya mdomoni bila kuangaliwa. Meno yanaendelea kusogea, na baraza la madaktari likipelekewa malalamiko litakuuliza wewe, halitamuuliza mzazi.

Siku hizi nina akaunti mbili. Kianzio kikiingia, 400,000 inakwenda kwenye matumizi kwa sababu vifaa na kazi ya siku ya kwanza ni kama kiasi hicho. 600,000 inalala akaunti ya pili, nami nahamisha 25,000 kila mwezi kwa kila mgonjwa mpaka amalize. Mke wangu anaiita akaunti ya yatima, haiguswi. Ningekuwa nayo toka mwanzo, panorama ningeinunua mwaka wa tatu. Kwa hiyo jibu la mashine: anza bila. Wapeleke wagonjwa wakapige picha penye mashine, ulipie au walipe wenyewe. Ukija kuinunua, chumba kikaguliwe na upate leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki kabla hujaiwasha, na wafanyakazi wawe na beji za kupimia mionzi. Mimi nilijenga kile chumba kwa jipsamu kwanza. Nilibomoa, maana haikutosha kuzuia mionzi.

Kampuni au jina la biashara? Jina la biashara ni wewe mwenyewe. Kliniki ikidaiwa unadaiwa wewe, mpaka kiwanja chako. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, ila inakuja na ritani (taarifa) za kila mwaka kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hesabu zilizokaguliwa. Kuna tofauti ya kodi ambayo watu wa kazi yetu inatugusa kweli: mtu binafsi anaruhusiwa kuhesabu mapato pale fedha inapoingia, lakini kampuni inahesabu pale haki ya kulipwa inapotimia, hata kama mzazi hajaleta hata shilingi. Kaa na mhasibu juu ya jambo hilo kabla hujaandika mkataba wowote wa awamu. Na usidanganyike kwamba kampuni inakukinga na kosa la kitabibu. Hapo unaitwa kwa jina lako, kwa hiyo kata bima ya makosa ya kitaaluma. Mimi nilianza na jina la biashara, nikahamia kampuni nilipomwajiri daktari wa pili. Sijutii mpangilio huo.

Pango sasa. Hapa ndipo wengi tunaumia bila kujua. Sheria inakutaka wewe mpangaji ukate asilimia 10 ya kodi ya pango, uipeleke TRA, mamlaka ya mapato, na umpe mwenye nyumba cheti cha zuio, yaani uthibitisho wa kodi uliyomkatia. Mwenye nyumba wangu alisema, "Daktari, mimi nataka hela yangu kamili, hayo ya serikali mtajuana." Nikampa kamili miaka miwili: milioni 28.8. Siku ya ukaguzi nikaulizwa zuio liko wapi. Milioni 2.88 niliilipa mimi, na riba juu. Mwambie mwenye nyumba mapema, na iandikwe kwenye mkataba kuwa bei mliyokubaliana ni kabla ya zuio. Akikataa, tafuta jengo lingine.

Mengine kwa haraka. Huduma za tiba zimesamehewa VAT, maana yake ile VAT unayolipa kwenye fenicha na kompyuta huidai kokote, iweke kwenye bajeti. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, toa kila malipo, hata ya 20,000. Wafanyakazi: NSSF (hifadhi ya jamii) asilimia 20 ya mshahara, wewe na mfanyakazi kwa pamoja, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nusu asilimia, na wakifika 10 inaingia SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Neno "bingwa" usiliweke kwenye bango kabla baraza halijakusajili kama bingwa.

Mkataba wa mgonjwa uuandike wewe, usinakili wa Marekani. Mgonjwa wa chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Eleza akihama mkoa katikati inakuwaje: binti mmoja alihamia Mwanza mwezi wa kumi, baba yake akataka arudishiwe kila kitu, na mimi sikuwa na mstari hata mmoja wa kujitetea. Eleza ritena, kile kifaa cha kushikilia meno waya zikishatolewa, imo kwenye bei au haimo. Na eleza braketi zinazong'oka, vile vipande vinavyogundishwa kwenye jino kushika waya, hasa huku kwetu. Maji yetu yana floraidi nyingi, meno ya kahawia hayashiki gundi vizuri, na ukiahidi kurudishia bure bila kikomo utajinyonga. Mwezi wa saba mmoja alikuja kijana wa kidato cha pili katoka likizo kwa bibi, katoa braketi saba kwenye kikaratasi alichokunja vizuri kabisa. Mahindi ya kuchoma. Mama yake ananiangalia mimi kana kwamba nimemuuzia kitu feki. Sasa mkataba wangu unasema tatu za kwanza bure, kuanzia ya nne 30,000 kila moja, na mzazi anaweka sahihi pembeni ya mstari huo peke yake.

Ukipata rasimu ya mkataba wa pango, futa majina uiweke hapa tuiangalie kabla hujasaini.