Kabla hujachagua hita ya maji, angalia presha, waya na ukuta

Msomaji ametuma picha za hita mbili: moja ya tangi la lita 50, nyingine ya papo kwa papo inayofungwa juu ya shawa. Anauliza ipi bora. Hakutaja maji yanafika bafuni kwa presha gani, waya uliopo ni wa ukubwa gani, wala ukuta wake umejengwa kwa nini. Bila hayo matatu swali hilo halijibiki, na mtu akishanunua kwanza, inambidi ailazimishe nyumba ifuate hita.

Tuanze na presha. Maji yakitoka kwenye tangi la juu, kila mita moja ya kimo inakupa baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita 3 juu ya kichwa cha shawa, una baa 0.3, na hapo hujatoa inayopotea kwenye elbo na mabomba membamba. Hita nyingi za papo kwa papo zina swichi inayosubiri msukumo wa maji ndipo iwashe elementi, yaani koili inayochemsha maji. Msukumo ukiwa hafifu, hita haiwaki kabisa, au inawaka na kuzima, unaoga moto na baridi kwa zamu. Soma kwenye kibandiko presha ya chini inayotakiwa. Usipoifikia, weka pampu ndogo au chagua hita ya tangi, ambayo haidai msukumo ndipo ichemshe. Kwa upande mwingine, presha ikizidi baa 5, funga valvu ya kupunguza presha kwenye bomba linaloingia, la sivyo valvu ya usalama itakuwa inamwaga maji bila sababu ya maana.

Sasa umeme. Kupandisha joto la lita 5 kwa dakika kwa nyuzi 20 kunahitaji karibu kilowati 7. Kwenye umeme wa volti 230, hizo ni ampea 30. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 hauubebi mzigo huo. Utapata joto, plastiki italainika, na breka ikiwa kubwa kuliko waya, kitakachoanza kuungua ni waya. Hita hiyo inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa 6 kwa umbali mfupi, wa 10 ukiwa mrefu au hita ikizidi kilowati 7, na breka inayolingana na waya. Na kumbuka ni nyuzi 20 tu zimeongezwa. Maji yakiingia na nyuzi 20, yanatoka na 40, vizuri kabisa. Yakiingia na 10, yanatoka na 30, na hapo mtu atalalamika hita ni mbovu wakati inafanya kazi yake barabara.

Hita ya tangi ni mpole kwa waya. Elementi ya kilowati 1.5 inavuta kama ampea 6.5, waya wa 2.5 na breka ya ampea 16 vinatosha. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinakula takribani yuniti 2.3 na kuchukua saa moja na nusu hivi. Yale maneno kwamba ya papo kwa papo ndiyo inayomaliza umeme ni nusu ya ukweli: lita zilezile kwa joto lilelile zinahitaji yuniti karibu zilezile. Ya tangi inaongeza hasara ya joto linalopotea ikikaa bila kutumiwa.

Ukubwa je? Lita 50 za nyuzi 60, ukizichanganya na maji ya nyuzi 20, zinakupa karibu lita 80 hadi 90 za kuogea. Shawa ya lita 8 kwa dakika, kwa dakika 5, inatumia 40. Kwa hiyo wanaoga wawili mfululizo. Wakiwa wanne wanaotoka pamoja asubuhi, nenda lita 80 au 100. Lakini hita ya lita 80 ikijaa inakaribia kilo 100. Ukuta wa zege au tofali nzito ufunge kwa bolti za kutanuka za milimita 10 au 12. Tofali zenye matundu hazishiki. Bolti ipite hadi upande wa pili na kushikwa na bamba la chuma.

Ya gesi nayo ni nzuri, ila bomba la moshi lazima litoke nje, na isiyovuta hewa yake kutoka nje haifungwi bafuni. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kutoka humo, haina harufu.

Kwenye kufunga, kinachoharibiwa zaidi ni valvu ya usalama. Inakaa kwenye bomba la baridi, lile la alama ya bluu, mshale wa ubavuni ukielekea kwenye tangi. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na mahali pa kutokea ni kile kitundu kidogo cha valvu. Kwa hiyo kudondosha wakati hita inachemsha si ubovu. Kuna mafundi wanaokiziba ili mteja asilalamike sakafu kulowa. Hapo tangi linabaki bila pa kupumulia, na thamostati, kile kifaa kinachokata umeme maji yakifikia joto lililowekwa, ikigoma kukata, linaweza kupasuka. Kiunge kitundu hicho na kibomba kinachoteremka hadi kwenye mfereji, mwisho wake wazi. Usiweke koki yoyote kati ya valvu na tangi. Koki ya kufungia maji ikae kabla ya valvu.

Bomba la moto liwe la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la maji moto au shaba, kwa kuwa PVC ya kawaida inalainika. Fungua koki ya moto, jaza tangi mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Elementi ikiwashwa kwenye tangi tupu inaungua mara moja. Ethi (waya wa ardhini) iunganishwe, na laini ipite kwenye kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampia 30. Swichi ikate nyaya zote mbili na ikae nje ya bafu.

Weka thamostati kwenye nyuzi 60, maana chini sana bakteria huzaliana ndani ya tangi. Maji ya joto hilo yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo penye watoto funga valvu ya kuchanganya maji moto na baridi.

Kila mwaka kata umeme, punguza maji, kagua fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ukiuona waya wake wa katikati, weka mpya pamoja na gasketi mpya, kwani ya zamani ikishabanwa mara moja huanza kuvuja.