Unaenda kusaidia wafugaji wa alpaka kule Andes? Soma hii kwanza

Kila mwaka ikifika Julai picha za alpaka, wale wanyama wa manyoya jamii ya ngamia, waliolala kwenye theluji ya milima ya Andes huko Peru zinasambaa, watu wanaanza kuchangishana mablanketi, na jibu langu ni lile lile, mmechelewa. Pesa ya maana ni ile inayofika Machi au Aprili.

Baridi kali huko milimani ni Juni hadi Agosti, usiku inashuka mbali chini ya sifuri, na hilo mfugaji wa Kikechua, mwenyeji wa milima hiyo, analijua tangu utotoni. Alpaka wanazaa Januari mpaka Machi wakati wa mvua majani yakiwepo, tena mara nyingi asubuhi, mtoto anapata jua la kumkausha kabla usiku haujaingia. Mimba ni miezi 11 na nusu hivi na anazaliwa mtoto mmoja tu, kwa hiyo huyo mtoto akifa na nimonia mwezi wa saba, mwenye mifugo kapoteza mwaka mzima hapo. Sasa blanketi la nini? Kinachotakiwa ni banda, majani makavu ya kulishia na dawa za minyoo na upele, na vyote viwe vimeshafika juu kabla ya Juni.

Kwenye banda msijifanye mafundi. Kuta za mawe wenyeji wanajenga wenyewe kwa ayni, yaani leo kwangu kesho kwako, na wanajenga vizuri kuliko mtu yeyote mtakayemleta kutoka mjini. Nyie leteni mabati, misumari na nguzo maana huko juu miti hakuna, na mlipe lori. Mkianza kulipa posho watu wajenge banda lao wenyewe, mwakani hakuna atakayeshika jiwe bila kuuliza shilingi ngapi.

Halafu mkutano wa kijiji. Mtakaribishwa na wanaume wenye vyeo, wanaongea Kihispania safi, na mtaandika kila kitu mkidhani mmeelewa. Angalieni nyuma, wale kina mama waliokaa chini na kofia zao huku wanasokota uzi, mkono hausimami, hao ndo wanaoshinda na mifugo, waume wengi wanashuka kutafuta vibarua migodini au mjini. Kikechua ni lugha rasmi Peru tangu 1975 lakini miradi bado inaendeshwa kwa Kihispania. Tafuteni mkalimani mwanamke, kaeni nao pembeni, ulizeni tindiga gani linakauka, maana barafu ya milimani inapungua na kuna sehemu wanachimba mifereji kwa mkono kurudisha maji kwenye malisho. Mfereji kama huo unafadhilika kirahisi sana ila haupendezi kwenye picha, ndo maana wafadhili wanaupita.

Manyoya nayo yana mambo yake. Dalali anakuja na mizani ya kuning'iniza, anapima laini na gumu, jeupe na la rangi, vyote bei moja, wakati kiwandani, mjini Arequipa, bei inapangwa kwa ulaini. Mnyama mmoja anatoa kama kilo 2 kwa mwaka, hesabu yenyewe hiyo. Lipieni mafunzo ya kuchambua, wapo wanawake wanaotenganisha madaraja ya ulaini kwa vidole tu, na kijiji kiuze kwa pamoja. Ule mradi wa kufundisha kina mama kufuma kofia naomba tuuache, walishafuma kabla bibi yako hajazaliwa, wanachokosa ni mnunuzi.

Afya yako pia, huko juu hewa ni nyepesi. Mji wa Cusco uko mita 3,400, wafugaji wako 4,300 kwenda juu, kwa aliyepanda Kilimanjaro, Horombo ni 3,720, sasa endelea kupanda. Kaa Cusco siku kadhaa kwanza, kunywa chai ya majani ya koka ukipewa, usikimbie kimbie. Na kwenye bajeti ya usafiri ongezeni kabisa, hasa kama mnapanda Februari, mvua inakata barabara na mzigo mnamalizia kwa farasi na llama, ndugu yake alpaka.