Simba wangu walimwita panya

Juzi dada mmoja alinitumia picha ya kichwa cha sungura alichokitengeneza kwa mikono yake, kichwa cha maskoti, yule mnyama wa kuchangamsha mashabiki, cha kuvaliwa na mtu mzima. Chini akaandika: "Kaka, mbona anaonekana kama amefiwa?" Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikanikauka. Nilimkumbuka simba wangu wa kwanza, kichwa kama hicho nilichokitengeneza mwenyewe.

Simba yule alinila majuma matatu. Sponji ya unene wa sentimita 2.5, manyoya bandia ya rangi ya dhahabu, macho kama sahani. Siku ya mechi nikamvaa, nikatoka uwanjani kwa mikogo, na mtoto wa kwanza kuniona akauliza kwa sauti: "Mama, yule panya?" Watu hawakuwa na mbavu. Aliyeniagiza kazi hakupokea tena simu zangu, na salio langu mpaka leo sijalitia machoni. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Kilichoniponza ni mkasi. Nilikata manyoya kwa juu kama ninayekata kitambaa cha shati, nywele zikakatika zote, kila mshono ukawa kovu. Manyoya hukatwa kwa nyuma, kwa ncha ya wembe, unapasua kile kitambaa kinachoshika nywele na si nywele zenyewe. Ukishashona, zichomoe kwa sindano zile zilizobanwa, kisha piga brashi. Mshono utautafuta usiuone. Tena, kabla ya wembe, chora mishale nyuma ya kitambaa kuonyesha nywele zinalalia wapi. Simba wangu shavu moja nywele zililala kwenda juu, jingine chini. Panya alianzia hapo.

Paterni, vile vipande vya mfano vya kukatia manyoya, siku hizi sikisii. Nikimaliza kuchonga sponji, nakifunga kichwa kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake utepe wa gundi, nachora mishono, nakata. Vipande vikilala bapa mezani bila kujikunja, nimepata. Vikijikunja, naongeza mkato. Nimerudia hivyo mara ngapi? Sihesabu, ila sasa watu hunitafuta wao, na malipo natanguliza kupokea.

Lakini aibu ya panya ilikuwa afadhali. Mdomo wa simba nilikuwa nimeuziba kabisa, na dakika 15 baadaye kizunguzungu kikanishika, nikavuliwa kichwa mbele ya umma. Ndugu zangu, ndani ya sponji kuna binadamu! Mnahangaika na sharubu, aliye ndani hana hewa. Acheni mdomo wazi, koo mlizibe kwa wavu mweusi, na mkipata feni ndogo ya kompyuta itieni puani. Macho nayo yawe wavu, rangi ipakwe nyepesi nyepesi isije ikaziba matundu, upande wa ndani uwe mweusi. Mtu akishindwa kuona ngazi, uzuri wa kope una faida gani? Nimelisema hili mara nyingi na bado naletewa vichwa vilivyozibwa kama mtungi.

Haya, dada wa sungura. Kope zako za juu zinateremka kuelekea nje, ndiyo maana ana msiba. Zibandue, nyanyua kona za nje, kisha nitumie picha nyingine.

Simba bado ninaye, juu ya kabati. Paka amezalia humo.