Jibu kwa mama wa Wete: maandalizi ya serikali, nasari ya kulipia, au chuoni tu?

Waalaykum salaam dada. Umeuliza mengi kwa mpigo: mwanao katimia miaka minne, umpeleke maandalizi ya skuli ya serikali, yale madarasa ya kabla ya darasa la kwanza, umlipie nasari ambayo jirani anaisifu kwa kuwa wanawe washajua A mpaka Z, au umsikilize mkweo anayesema mtoto bado mdogo, chuoni, kwenye madrasa ya Qur'ani, panamtosha mpaka afike darasa la kwanza.

Mie nimekaa na watoto wa TuTu, yale mabanda ya kijijini ya kufundishia wadogo kwa redio, miaka kadhaa upande wa Micheweni, hapa hapa Pemba, na wanangu wamepita njia tofauti. Mkubwa nilimlea hapo hapo TuTu, wa kati alikwenda maandalizi ya serikali, mdogo tulimlipia nasari kwa sababu tulihamia Chake na maandalizi ya karibu yalikuwa yameshajaa. Kwa hiyo sina timu.

La mkweo kwanza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliitia miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, mtoto aanze na minne, akifika sita aingie darasa la kwanza. Basi si mambo ya kujitia kisasa, na wala si hisani ya mtu. Tabu ni kwamba sera iliandikwa na vyumba havikuwepo. Ndipo zilipoingia TuTu, Tucheze Tujifunze, kwa fedha za mwanzo kutoka Marekani: redio, jamvi, na mlezi mwenyeji wa kijiji. Kipindi kinasema rukeni, wanaruka. Kinanyamaza, mlezi anauliza, wao wanajibu. Banda letu walijenga wazazi wenyewe. Na kabla yake, tangu 1990, palikuwa na mpango wa madrasa wa Aga Khan uliovuka kutoka Mombasa, na kwao tuliokota jambo moja kubwa: vifaa vya mtoto viko uani. Vifuu, komwe, vizibo vya soda, hivyo hivyo.

Mkweo mwambie pia kwamba chuo hakigombani na maandalizi. Asubuhi skuli, alasiri chuo, watoto wetu wote ndivyo wanavyokwenda. Chuoni mtoto anajifunza kutulia, kusikiliza na kuhifadhi, na hilo linamsaidia kweli. Ila pale anaitikia pamoja na wenziwe. Hakuna anayemuuliza yeye peke yake: hiki umekiweka hapa kwa nini? Maandalizi mazuri humuuliza hivyo kutwa.

Sasa hizo herufi za jirani. Mwalimu wa darasa la kwanza wa skuli tuliyokuwa tukipeleka watoto alikuwa akinijia mwanzo wa mwaka kuulizia wanafunzi. "Fulani alikuwa wako?" Hakuniuliza hata mara moja kwa ajili ya herufi. Yaliyomleta ni haya: huyu anajikojolea kwa kuona haya kuomba ruhusa. Yule akinyang'anywa chaki anang'ata. Mwengine hajawahi kujibu mtu mzima asiyekuwa wa nyumbani, anainamisha kichwa tu, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumbembeleza kila asubuhi. Baadhi ya watoto hao walikuwa na akili kuliko wote, lakini mpaka wazoee, muhula umekwisha.

Mdogo wangu, yule wa kulipiwa, alitoka nasari anaimba A mpaka Z kama qasida. Ukimwonyesha M iliyokaa peke yake, lazima arudi kwenye A aifuate mpaka aikute. Baba yake alikuwa amefurahi mno, sikumvunjia furaha yake. Na walivishwa majoho siku ya mahafali, watoto wa miaka mitano! Picha tunayo sebuleni, nzuri, na joho nalo lililipiwa.

Penseli pia isikutie haraka. Msimu wa karafuu banda letu lilikuwa likibaki nusu, watoto wako na mama zao majamvini wanachambua. Wakirudi, vidole vyao vilikuwa hodari kuliko vya wenzao waliobaki kukoroga daftari. Kutenga karafuu na konyo, kile kijiti chake, ni kazi ya vidole viwili na jicho, na ndiyo hiyo hiyo kalamu inayoitaka. Simaanishi umkeshe mtoto kwenye kuchambua. Nasema mpe mchele achague, mpe ukindu, mwache acheze mdako hata kama kokoto zinamwanguka. Na mwache avae na kuvua suruali mwenyewe, hasa kama ina kifungo.

Kabla hujaamua, nenda ukatizame asubuhi, si siku ya kikao cha wazazi. Tizama watoto wangapi kwa mtu mzima mmoja. Tizama choo, kama mtoto wa miaka minne anakifikia na kina maji. Msikilize mwalimu anavyosema na anayelia. Ukiona fimbo juu ya meza, toka. Ukiwakuta wote wamekaa kimya wananakili ubaoni, hata kama ukuta umepakwa rangi na pembea zipo, mie nisingeacha mtoto hapo.

Ningekuwa wewe ningeanza na ya serikali, ikiwa ni ya kutembea kwa mguu na darasani yupo mtu mzima wa pili. Wa kati wangu alipita hapo, ada hakuna, tukikubaliana wazazi michango ya uji na sabuni, na darasa la kwanza aliingia bila kilio. Ikiwa imejaa kupita kiasi, ulizia kwa sheha wako, kiongozi wa serikali wa hapo mtaani, kama ipo TuTu karibu. Nasari ya kulipia iwe ya mwisho, na ukiiendea iulize mambo hayo hayo ya choo na fimbo, usisomewe bei ya sare kwanza.

Cheti cha kuzaliwa kishughulikie sasa hivi kama bado, maana wiki ya uandikishaji foleni yake huiwezi na mtoto mgongoni. Skuli wape nakala, cha asili rudi nacho.