Albamu bila bendi: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza uanzeje albamu yako ya kwanza bila bendi, na kama ni lazima upige kila chombo mwenyewe. Si lazima. Kama ngoma zako zinayumba, tafuta mpigaji. Hakuna tuzo ya kuchoka. Anza na sauti na gitaa tu, hata kwa simu, na rekodi hizo za majaribio usizifute. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alirekodi nyimbo za albamu yake Nebraska nyumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne kila moja peke yake. Alipozirudia na bendi hazikumkolea, akatoa zile zile za kaseti mwaka 1982. Kila unapoongeza chombo, kizime kidogo, usikilize wimbo bila hicho. Usipokikosa, kitoe. Mpangilio wa nyimbo utajipanga baadaye, usikuumize kichwa sasa.