Jumamosi nafua, Jumatatu siamki: uchovu baada ya UVIKO-19

SWALI: Nililazwa kwa UVIKO-19, nikawekewa oksijeni. Huu ni mwezi wa saba tangu nitoke wodini. Picha ya kifua na vipimo vya damu havina tatizo. Lakini nikiamka na nguvu Jumamosi nikafua na kudeki, Jumatatu nashindwa hata kusimama darasani. Mume wangu anasema nijikaze, nitembee haraka kila asubuhi. Nifuate?

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Kwa sasa usijikaze. Mtu aliyekosa mazoezi tu huchoka papo hapo, akilala anaamka vizuri. Wewe uchovu unakuja kudai deni lake siku moja au mbili baadaye. Mwenye hali hiyo akilazimisha mazoezi huweza kurudi nyuma zaidi, na Shirika la Afya Duniani, katika kijitabu chake cha 2021 cha kujihudumia baada ya ugonjwa huu, linashauri kwanza kujifunza kugawa nguvu.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika ulichofanya, dakika ngapi, na ulivyojisikia siku hiyo na siku mbili zilizofuata. Mwonyeshe na mzee wako. Ataona mwenyewe Jumatatu inatoka wapi. Ukishajua kiwango chako, baki chini yake, hasa siku unayojisikia mzima. Hiyo ndiyo siku inayowaangusha wagonjwa wangu.

Kufua, kaa kwenye kigoda, beseni liwe juu ya stuli usiiname. Ndoo ijae nusu. Fua nguo tatu nne, kisha pumzika kabla hujachoka. Mashuka aachiwe mwingine. Darasani fundisha umekaa, na usisahau kwamba kusahihisha madaftari 40 nako kunakula nguvu zilezile.

Pumzi ikikata, kaa, inama mbele, viwiko juu ya mapaja, mabega yalegee. Vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapooza chai.

Zikipita wiki kadhaa bila uchovu huo kukuangusha, ongeza kitu kimoja tu, tena kidogo.

Ila ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, mguu mmoja kuvimba, moyo kwenda mbio umekaa tu, au pumzi kuzidi kuwa fupi, hayo si ya daftari. Nenda hospitali siku hiyohiyo.